Dhahabu Safi ya Magidu

Magidu alikuwa na mdomo kabla ya kuwa na lori, na alipopata lori mdomo ukazidi. Kila mtu wa Bwera analijua hilo, kuanzia wapakiaji wa kule mpakani hadi watoto wanaocheza nyuma ya msikiti. Akipeleka saruji Butembo, ukimsikiliza utadhani Butembo kaijenga yeye. Akila kuku, lazima mtaa mzima ujue kuku huyo alikuwa jogoo, na alikuwa mnene. Sasa mtu wa namna hiyo mpe mke, mpe na kipaza sauti siku ya nikaha, utegemee nini?

Siku aliyomwoa Hanifah alimpokonya sheikh kipaza sauti kabla hajamaliza kumwuliza mahari ni nini.

"Bangili sita!" akanguruma. "Dhahabu safi, karati ishirini na nne, dhahabu ya Congo! Nimenunua mimi mwenyewe Butembo! Wale wanaotoa mbuzi wasikie!"

Watu wakapiga takbiri. Baba yake Hanifah, mzee wa Muhokya ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika dhahabu, alilia machozi ya furaha. Huko ndani kwa wanawake Hanifah alivishwa bangili tatu mkono huu na tatu mkono ule, na kila aliyeinua kikombe cha chai aliangalia mikono ile badala ya kikombe. Upande wa ndani, kila bangili ilikuwa na maandishi mawili. La kwanza lilisema 24K. La pili lilisema MAGIDU. Mwanamume mwenye haya angeandika jina la bibi harusi, lakini haya na Magidu hawajawahi kukutana.

Haukupita mwaka, mikono ya Hanifah ikaanza kuota rangi ya kijani. Akifua, kijani. Akipika na kutoka jasho, kijani, duara zima kuzunguka kifundo cha mkono. Akamwonyesha mama mkwe wake, Jalia, bibi mmoja mkavu aliyehamia kwao kwa wiki mbili na hakuondoka tena.

"Dhahabu ina macho, mwanangu," Jalia akamwambia bila kuacha kutafuna. "Ikikaa kwa mkono wa mwanamke mwenye husuda, inamtia aibu. Jichunguze moyo wako."

Na Hanifah, masikini ya Mungu, akajichunguza moyo! Lo! Mtu mzima, mshonaji hodari, mwenye akili ya kukata gauni kwa kuangalia tu, akaamini kwamba bangili zinamsoma moyo. Akasugua mikono kwa ndimu na majivu. Akawaombea mema hata majirani asiowapenda. Kijani kikabaki pale pale. Mwishowe akazifungia bangili kwenye kopo la maziwa ya unga, akawa anazivaa sikukuu tu, baada ya kujipaka poda mikononi.

Lakini mabibi harusi wa Bwera hawakuziacha zilale. Desturi ya pale ni kwamba mwenye dhahabu haringi nayo peke yake. Siku ya harusi ya jirani huazimwa, bibi harusi akapigwa picha, kisha akazirudisha. Waislamu waliziazima, Wakristo waliziazima. Gorret, binti wa mkulima wa kahawa huko Kyondo, alienda nazo hadi kanisani na kwenye kila picha ameinua mkono kama anayeapa. Hakuna hata mmoja aliyerudi na kijani, kwa sababu alizivaa kutwa moja tu. Hanifah hakufikiria hilo. Yeye aliona kwamba wenzake wote wana mioyo safi, mbaya ni yeye. Akayameza hayo miaka mingi bila kumwambia mtu.

Kilichomtoa kwa Magidu hakikuwa bangili. Ilikuwa cherehani. Alikwenda Muhokya kumzika baba yake, aliporudi akakuta mahali pa cherehani pana sakafu tupu, na Magidu amelala kwenye kochi na viatu.

"Nitakununulia ingine, ya umeme," akasema.

Nyumba yenyewe haikuwa na umeme. Pesa ya cherehani ilikuwa imekwenda kumnunulia zawadi binti mmoja, mpwa wa mzee mmoja aitwaye Abdunoor, binti ambaye Magidu alitaka kumwoa. Hanifah hakupiga kelele. Binti yake Shamim alikuwa shule ya bweni na karo alikuwa akiilipa yeye kwa sindano na uzi. Magidu alichangia majigambo. Hanifah alijua kwamba akibaki pale, kila atakachokinunua kitauzwa siku atakayogeuza mgongo. Alitaka kutoka, basi. Hakutaka kingine chochote duniani.

Akaenda kwa Sheikh Muhammed. Sheikh ni mtu wa haki lakini mwoga wa kelele, akamweleza polepole, akitazama mlango: mwanamke akitaka mwenyewe kujitoa kwenye ndoa, humrudishia mume mahari aliyompa, na mume humwachia.

Magidu alipoitwa, akacheka hadi akashika mbavu.

"Arudishe! Nani amemukataza? Lakini bangili mimi sitaki. Imevaliwa, imechakaa. Nataka pesa, kwa bei ya leo. Redio inasema dhahabu imepanda, na ile yangu ni safi, si ile ya kuchanganya-changanya. Akileta pesa siku ya Ijumaa, namwachia. Asipoleta, arudi jikoni."

Ndiyo maana Hanifah akalitoa lile kopo, akazifunga bangili kwenye kitambaa, akapanda pikapu ya rafiki yake Feresita aliyekuwa akipeleka kahawa Kasese.

Mnunuzi wa dhahabu pale Kasese, karibu na soko, anaitwa Hamuza. Usije ukamfikiria mzee mtulivu mwenye hekima. Hamuza ni jitu la tumbo, lenye meno mawili ya dhahabu na mizani ambayo haijawahi kumtia hasara yeye.

"Unauza ama unanunua, mama?"

"Nauza. Karati ishirini na nne."

"Nani alisema?"

"Imeandikwa ndani."

Hamuza akaachia kicheko. "Imeandikwa! Mama, nikiandika ASKOFU kwa hii shati yangu, Wakatoliki watakuja kwangu kuungama? Muhuri ni chuma na nyundo. Mutu yeyote anagonga."

Akaitupa bangili moja juu ya kaunta ya kioo. Ikalia kwa mlio mwembamba mrefu.

"Umesikia? Hiyo ni kengele ya shule. Sasa sikiliza, maana nyinyi watu wa mpakani mnafikiri kila kitu kikivuka kutoka Congo ni dhahabu. Ishirini na nne ni dhahabu tupu, haina kitu kingine ndani. Hiyo ni laini. Bangili yake ukiibana hivi kwa vidole, inakubali. Ndiyo sababu masonara wanachanganya ili ikaze. Kumi na nane, sehemu tatu dhahabu, sehemu moja shaba ama fedha. Ile ya tisa, dhahabu haifiki hata nusu. Yako hii imeanguka mara ngapi?"

Hanifah akakumbuka. Ziliwahi kuanguka kwenye saruji, zikakanyagwa na bibi harusi mmoja mzito, na moja iligongwa na mlango wa lori. Hazikuwahi kubonyea.

"Nyingi," akasema.

"Basi!"

Akachukua tupa ndogo, akakwangua upande wa ndani, pembeni mwa lile jina, hadi ngozi ya juu ikatoka. Akapasugua pale kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa manjano. Juu ya mstari akadondosha asidi kutoka kwenye kichupa. Mstari ukachemka, ukatoa povu la kijani, ukapotea kabisa.

"Dhahabu ingebaki," Hamuza akasema. "Hii iko shaba, imechovywa tu. Hata karati moja haina." Kisha akaita kwa sauti duka la jirani, "Njoo uone! Kuna mama ameleta vitasa vya mlango!"

Muuza simu wa duka la pili akaja, akaangalia, akacheka na yeye. Hanifah alisimama pale huku masikio yakimwaka. Hamuza alipoona mteja anakaribia kulia, akageuza sauti ikawa ya asali.

"Usilie, mama. Nikikupimia kama vyuma chakavu hupati hata nauli. Lakini nikukwangulie hapo vizuri, nichovye upya, nikuandikie risiti ya karati kumi na nne. Tafuta mujinga wako huko Bwera, tugawane."

"Mjinga wa Bwera tayari yupo, ni mimi," Hanifah akamjibu, "wa pili sitafuti." Akafunga kitambaa chake akatoka.

Feresita alikuwa akimngoja kwenye pikapu. Walipofika Kikorongo njiani kurudi, wakasimama injini ipoe, wakanunua samaki wa kukaanga, na pale Hanifah akamweleza kila kitu. Feresita aliweka samaki chini.

"Dada! Basi huyo mutu hajakuoa bado! Alitaja dhahabu, akakupa shaba. Mahari yako iko kwake. Mudai! Adaiwe mbele ya masheikh wote, alete dhahabu ya kweli, bangili sita, na lori auze!"

Yalikuwa maneno matamu, na yalikuwa ya haki. Hanifah akayatafuna pamoja na samaki. Dhahabu ya kweli, kwa bei ile ya redio, ingemnunulia cherehani na duka la kuiweka. Lakini alimjua mume wake. Kumdai Magidu ni kumkama jogoo. Angeapa kwamba Hanifah amezibadilisha. Angekata rufaa kwa sheikh huyu, akaenda kwa kadhi yule, akapotelea Beni miezi, akarudi, akaapa upya. Na muda wote huo, yeye Hanifah angekuwa nani? Angekuwa mke wa Magidu, jikoni, na Jalia akitafuna pembeni.

Halafu likamjia jambo jingine.

"Feresita. Dhahabu imepanda. Mutu anarudishiwa dhahabu yake, anasema hataki, anataka pesa. Kwa nini?"

Feresita akapangusa vidole vyake.

"Alijua," Hanifah akasema. "Tangu siku ile alijua."

Na hapo ndipo aliponyoosha mikono yake miwili juu ya mapaja, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Miaka yote ile, akisugua ndimu na majivu mpaka ngozi inachubuka, Magidu alikuwa akipita pale uani akimwona. Alikuwa akijua kijani kinatoka wapi. Na mama yake, je? Hanifah akalia, akalia kwa hasira mpaka mwenye samaki akaja kuuliza kama amechomwa na mwiba. Alipomaliza kulia akanawa uso, akamwambia Feresita awashe gari. Aibu ilikuwa imemtoka. Kilichobaki ni dharau, na dharau hutuliza mtu akili vizuri sana.

Ijumaa baada ya swala, baraza la msikiti likajaa. Watu wa Bwera hawaikosi kesi ya mke na mume hata ukiwalipa. Sheikh Muhammed alikaa katikati. Mzee Abdunoor, mjomba wa yule binti, alikuwepo pia, kimya, na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa amesema wazi kwamba hatamtoa mtoto wao aingie kwenye nyumba yenye kesi. Kesi iishe kwanza. Jalia alikaa upande wa wanawake karibu na nguzo. Magidu alikuja amevaa kanzu mpya na saa inayong'aa, akakaa mbele ambapo kila mtu angemwona.

Hanifah akakunjua kitambaa mbele ya watu, akazipanga bangili sita.

"Baba Shamim," akasema kwa adabu zote, "kabla sijasema neno, nataka uniambie. Hizi ndizo ulizonioa nazo, ama mimi nimekosea?"

Mwenye akili angeuliza kwanza swali hilo linaelekea wapi. Magidu aliona watu wamenyamaza wanamngoja yeye, na hiyo ilimtosha. Akainua bangili moja juu.

"Nani katika Bwera hajui hizi? Bibi harusi wote wamepitia hapa! Jina langu liko ndani, someni! Karati ishirini na nne! Nionyesheni mwingine aliyetoa kama hii!"

"Wamesikia wote," Hanifah akasema. "Sheikh, mahari yangu ni hii, na mwenyewe ameitambua. Nimeirudisha. Aniachie."

"Mimi nilisema pesa!"

Sheikh akakohoa. "Magidu, mahari ilikuwa bangili. Kinachorudi ni bangili."

"Imechakaa, Sheikh!"

"Dhahabu haichakai, kijana," Mzee Abdunoor akasema kutoka pale alipokaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

Watu wakaitikia kwa minong'ono. Mmoja akauliza kwa nini mtu akimbie dhahabu mwaka huu ambao wengine wanaitafuta kwa tochi. Magidu akaigeuza bangili mkononi apate la kusema, na kidole chake kikapita juu ya pale palipokwanguliwa na tupa. Akapaangalia. Kisha akamwangalia Hanifah, na Hanifah hakuinamisha macho. Jasho likaanza kumtoka Magidu chini ya kofia.

"Sasa mimi nitajua aje kama hakubadilisha?" akaropoka. "Pengine hizi si zile!"

"Ebo!" Sheikh Muhammed akasahau woga wake. "Si sasa hivi umetuambia tusome jina lako?"

Baraza likacheka. Hanifah akangoja kicheko kiishe.

"Sheikh, mimi sina ugomvi. Kama Baba Shamim ana mashaka, tuteue watu, waende Kasese, zipimwe. Zikiwa dhahabu, nimerudisha mahari. Zikiwa si dhahabu, na mwenyewe ametambua kuwa ndizo alizonipa, basi mimi sijawahi kulipwa mahari, na yeye ndiye atakayenitafutia hizo sita za karati ishirini na nne. Achague yeye. Mimi lolote nalikubali."

Magidu alifungua mdomo, ule mdomo ambao haujawahi kukosa neno tangu aachishwe ziwa, na halikutoka hata moja. Akiita shaba, anadaiwa dhahabu. Akiita dhahabu, mke anakwenda. Hanifah alimtazama akihangaika, akajiuliza ilikuwaje mtu mdogo namna hii akamwogopesha miaka yote ile.

"Chukua!" Jalia akapiga kelele kutoka kwenye nguzo. "Chukua tu, mwanangu, tuondoke! Hakuna haja ya kupima!"

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Basi naye alijua. Hanifah alikuwa ameshamaliza machozi yake Kikorongo, kwa hiyo alimtazama tu bibi yule kama unavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Unazipokea?" Sheikh akauliza. "Mahari kamili, huna dai tena?"

"Nazipokea," Magidu akasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia.

"Sema wasikie."

"Nazipokea!"

Akatamka maneno ya kumwachia, mbele ya mashahidi, na Sheikh akasema yamepita. Alikuwa ametoka. Alikuwa ameacha kudai dhahabu yenye thamani ya duka zima na alikuwa mtupu kama siku aliyozaliwa, lakini hakuna mtu tena duniani mwenye ruhusa ya kuuza kitu chake. Akamwambia Sheikh asante, akaokota kitambaa chake kitupu, akateremka ngazi za baraza.

Nyuma yake Mzee Abdunoor alikuwa akiinuka kwa kutegemea fimbo.

"Alhamdulillahi," mzee alikuwa akisema. "Kesi imekwisha, na dhahabu ndiyo hiyo, karati ishirini na nne, mwenyewe ametangaza hapa. Hatuna haja ya kukuchosha kutafuta nyingine, mkwe. Binti yetu atachukua hizo hizo. Jumatatu tutakwenda wote Kasese zipimwe, maana kwetu ni kawaida, hatupokei kitu bila kupima."

Hanifah alikuwa amefika kwenye lango aliposikia viatu vinamkimbilia. Ni Magidu, kanzu imempanda magotini, bangili zote sita amezibana kifuani.

"Mama Shamim, ngoja," akahema. "Chukua hizi. Nakupa mwenyewe, zawadi. Sitaki kitu. Ni za kwako, tangu zamani ni za kwako. Za mambo ya mtoto, karo, unajua. Chukua haraka."

Akazisukuma mikononi mwake. Hanifah akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana, Magidu," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina tupu tangu aolewe. "Mimi na wewe hatujuani tena. Mwanamume asiye wangu akinipa dhahabu safi namna hii, watu watasema nini?"

"Hanifah, nakuomba! Wataniua wale!"

Barazani watu walikuwa wamesimama wote, wanaangalia langoni. Sauti ya Mzee Abdunoor ikavuka uwanja, ya taratibu, kila neno likasikika.

"Mkwe! Unampa nani mahari ya mtoto wetu?"

Hanifah alikwisha vuka barabara.